Ngeli ya Kwanza

Mwalimu Wanyonyi alitufundisha ngeli kwa kugonga meza:
kisu kimepotea, kikombe kimevunjika.
Alipofika kwenye kiwete
alinitupia jicho, akakohoa, akameza neno.
Nikanyoosha mkono nimwokoe:
kiwete amefika, mwalimu. Si kimefika.
Jina limevaa KI, lakini kitenzi kinamjua mtu.
"Vyema, Mbithe," akasema. Chaki ikakatika.

Sasa nashona kola, Barabara ya Lunga Lunga,
katika jengo la mabati nyuma ya ghala la sabuni.
Nasimiyu, cherehani ya kulia, kola mia na arobaini kwa siku.
Mimi mia na arobaini na mbili;
tunahesabu kwa sauti, tunarushiana vijembe.
Mguu wangu wa kulia unakanyaga pedali,
wa kushoto umelala chini ya meza kama paka.
Wa Nasimiyu nao umelala tu.

Daftari la malipo lina safu mbili.
Ya kwanza: Mshahara.
Ya pili: Posho, Kundi Maalumu.
Humo nimo mimi, na Otundo wa pasi, asiyesikia,
na Leparleen anayefungasha kwa jicho moja
na hajawahi kukosea saizi.
Nasimiyu, elfu kumi na sita. Mimi, tisa.
Nikauliza: hizi saba zimekwenda wapi?
Msimamizi akatabasamu kama mtu aliyekwisha kutoa sadaka.
"Wenzako wako kando ya barabara na bakuli. Shukuru."

Shukuru.
Neno hilo nililipeleka kwa mwenye nyumba, Mukuru:
hakuliandikia risiti.
Nikalipima kwa muuza unga:
halikujaza kibaba.
Mpira wa chini ya mkongojo ni shilingi mia mbili,
lami ya Nairobi inautafuna kwa miezi miwili,
na fundi hajawahi kuniuliza
kama ninalipwa posho au mshahara.

Otundo aliliona daftari.
Akafungua kiganja cha kushoto,
cha kulia akakipitisha katikati kama panga: nusu.
Kisha akajigonga kifua, akatikisa kichwa
mara nyingi kuliko ilivyohitajika.

Jumanne tukaenda ofisi ya kazi, ghorofa ya tatu.
Lifti ilikuwa imefungwa kwa utepe tangu Februari,
na karatasi: Samahani kwa usumbufu.
Vidato hamsini na vinne.
Otundo mbele na faili, akinisubiri kila kona
bila kunishika mkono, maana nilimkataza.
Kwenye kidato cha thelathini na moja, sijui kwa nini,
niliwakumbuka kima wa City Park,
wale wanaopokonya watoto ndizi.
Kima hao hawana cha chini;
hukaa juu, hula wanachoshika.
Nikacheka peke yangu, jasho likiingia machoni.

Afisa alikuwa kijana, chai mkononi.
Aliinuka nusu, akaona mkongojo, akaona mlango,
kana kwamba ngazi zilikuwa nyuma yangu zikimshtaki.
"Umepandaje huku?"
Kiwete amepanda, nikamwambia. Naomba fomu.

Fomu ilikuwa ya nakala tatu, na kaboni kati yake.
Jina. Kazi. Aina ya ulemavu:
hapo nikapiga mstari, sikuja kuushtaki mguu.
Kiasi unachodai.
Elfu saba mara miezi ishirini na sita.
Otundo akahesabu vidoleni, nami kichwani,
tukakutana kwenye laki moja na elfu themanini na mbili.
Nikaandika kwa kukandamiza,
kalamu ikitoboa kidogo kwenye nane,
ili ifike mpaka ile nakala ya mwisho, ya waridi,
ambayo kwa kawaida haisomeki.